TSH ikipanda, tezi imechoka: tujifunze kusoma karatasi ya damu yetu

Wandugu wafanyakazi, ba mama wa mu makartiye ya Kolwezi, Likasi, Kambove na Lubumbashi, leo hatuongei juu ya mushahara. Tunaongea juu ya karatasi ndogo ya laboratwari yenye kuandikwa herufi tatu: TSH. Wenzetu wanatuletea ile karatasi ku biro ya sendika, wengine wameikunja pamoja na bulletini ya mushahara, na ulizo ni lilelile kila mara: «Delege, banasema iko mingi. Ile mingi iko muzuri ao iko mubaya?»

Hatuko waganga. Hatutampa mutu dawa, hatutasema nani mugonjwa na nani mzima. Lakini kuko jambo lenye halitupendezi hata kidogo. Mufanyakazi wa mine anajua kusoma bulletini yake mupaka franka ya mwisho. Anaona mara moja wapi walikata saa za nyongeza, wapi walisahau prima ya posti ya usiku, na anapanda kulalamika siku ileile. Lakini karatasi ya damu yake mwenyewe, damu yenye ilitoka mu mukono wake, anaikunja mara ine na kuiweka mu sanduku, anangojea mutu amuelezee. Na mara nyingi hakuna mwenye anamuelezea. Sisi tunasema: kusoma ile karatasi ni kazi ya sendika pia, sawa na kusoma bulletini.

Tuanze na kosa lenye tunalikuta kila siku. Watu wanasoma namba ya TSH kama vile wanasoma namba ya damu. Ku egzameni ya emoglobini, namba ikiwa chini, damu imepunguka, ikipanda, tunafurahi. Kwa hiyo mutu akiona TSH imepanda, anasema tiroide yake iko na ngufu. Kumbe ni kinyume kabisa.

Tezi ya tiroide iko mbele ya shingo, chini ya kile kifupa chenye kinapanda na kushuka wakati unameza. Umbo lake ni kama kipepeo. Inakamata iyodi yenye inatoka mu chakula, inatengeneza nayo ormoni mbili, T4 na T3, na hizo ormoni njo zinapanga mwendo wa mwili wote: roho inapiga mara ngapi, mwili unapata joto namna gani, tumbo linatumika mbio ao polepole, mutoto anakomaa akili namna gani. Sasa, ndani ya kichwa, chini ya ubongo, kuko tezi ingine ndogo sana kama mbegu ya kunde, inaitwa ipofize. Ile njo kapita. Haitengenezi T4 hata kidogo, inaangalia tu kama T4 inatosha mu damu. Ikiona haitoshi, inapiga kelele. Ikiona imezidi, inanyamaza. TSH njo sauti ya kapita.

Kila mutu mwenye alishatumika mu ekipi anaelewa maneno haya pasipo kufundishwa. Ukipita inje ya izini na kusikia kapita analalamika tangu asubuhi mupaka magharibi, hausemi «humo ndani wanatumika sana». Unajua kazi haiendelei. Ni vile na TSH: ikipanda sana, tiroide imechoka, haitoi ormoni ya kutosha. Na kama kapita amenyamaza kabisa, TSH imeshuka karibu na sifuri, mara nyingi ni kwa sababu tiroide inatumika kupita kipimo, hata hangojei mutu amusukume.

Kwa mutu mukubwa mwenye hana mimba, laboratwari nyingi zinaandika kwamba TSH ya kawaida inaanzia karibu 0,4 na kuishia karibu 4, kwa kipimo cha mUI/L. Tunasema «karibu» kwa sababu kila mashini iko na mipaka yake. Ile mipaka imeandikwa pembeni, mu safu ya «valeurs de référence». Ile safu njo ya kwanza kuangalia, mbele ya kuogopa na mbele ya kufurahi.

Muke wa mwenzetu mumoja, mama wa watoto wane, alikuwa na TSH ya 48. Mbele ya kufika pale, alitibiwa malaria mara tatu. Alikuwa anachoka tangu asubuhi, anasikia baridi hata mu mwezi wa kumi wakati sisi wote tunatoka jasho, ngozi ilikauka, nywele zinatoka, sauti ilikuwa nzito, ananenepa na chakula chenyewe hakipiti. Siku zake za mwezi zilikuwa nyingi na zilivurugika. Ku nyumba walianza kusema amekuwa muvivu. Ndugu za mume walisema mambo mengine yenye hatutaandika hapa. Mwishowe, mu dispansere moja ya kartiye, munganga muzuri alilomba TSH. Lakini siku ya kukamata majibu yule munganga hakuwa kazini, na mwenye alimupa karatasi alimuambia tu kwamba namba «iko juu». Jirani akasoma, akamupongeza. Karatasi ililala mu sanduku miezi mitano. Miezi mitano, wandugu, na dawa ya ugonjwa ule ni kidonge kimoja kwa siku, iko mu liste ya dawa za lazima za OMS, na siyo dawa ya bei ya kushinda mufanyakazi mwenye analipwa vizuri.

Upande mwingine ni wa kijana mumoja wa posti ya usiku. Yeye TSH yake ilikuwa chini ya 0,01. Alikonda kilo 12 na hamu ya chakula ilikuwa nayo, anakula bukari ya watu wawili. Roho inapiga mbio hata amelala. Jasho, usingizi hakuna, hasira kwa jambo la bure. Mu kantini wakaanza kusema ni sida. Alienda kupimwa sida, ikatoka negatifu. Akarudia, ikatoka negatifu tena. Na maneno hayakuisha. Kisha mikono ikaanza kutetemeka, na shefu wake akafikiri anakuja kazini na lutuku mu tumbo. Walimutosha ku mashini, kidogo tu wamufukuze kazi. Wakati macho yake yalianza kutoka inje, watu wa chumba cha maombi wakasema ni ulozi. Ugonjwa wenyewe unaitwa Basedow: mwili unatengeneza antikorpu zenye zinasukuma tiroide itumike pasipo kusimama. Unajulikana tangu karne ya 19, na unatunzwa. Tunamuheshimu kila mutu mwenye kuomba, sisi pia tunaomba. Lakini pastere mwenye anamuambia mutu wa macho ya vile asiende kutosha damu, anamuweka mu hatari: roho inaweza kuanza kupiga pasipo mupango, na mutu anaweza kufa.

Angalieni sasa: wote wawili shida ya kwanza ilikuwa jina baya. Muvivu. Mwenye sida. Mulevi. Muke alikosa amani ya nyumba, kijana alikuwa karibu kukosa kazi, na namba yenye ingewatetea ilikuwa tayari imeandikwa, ao ingeandikwa na tone la damu.

TSH peke yake haitoshi kila wakati. Ikitoka inje ya mipaka, munganga anaomba T4 huru, ile yenye kuandikwa «T4 libre» ao FT4 ku karatasi. TSH ni sauti ya kapita, T4 huru ni mali yenyewe yenye imetoka ku izini. Hizo mbili zinasomwa pamoja. TSH juu na T4 chini: tiroide imeshindwa, dawa inahitajika. TSH chini na T4 juu: tiroide imezidi. Wakati fulani T4 iko kawaida na T3 njo imepanda, ndiyo maana munganga anaweza kuomba na ile ya tatu.

Kisha kuko pale katikati, na hapo watu wengi wanapoteza pesa na usingizi. TSH ya 6 ao 7, T4 kawaida. Kapita ameinua sauti kidogo lakini mali bado inatoka. Mara nyingi munganga mwenye akili hakimbilii dawa. Anasema turudie kisha miezi miwili ao mitatu, na kwa wengi namba inarudi yenyewe mahali pake. Kwa wazee, TSH inapanda kidogo na miaka. Munganga anaweza kuomba pia antikorpu zenye kuitwa anti-TPO, kujua kama mwili unapigana na tiroide yake wenyewe. Kama ziko, atamufuata yule mutu kwa karibu. Kwa hiyo mutu akiambiwa «tungojee», asifikiri wamemukatalia matunzo. Na mutu akiuziwa dawa ya mwezi sita juu ya TSH ya 5 yenye ilipimwa mara moja tu, aulize.

Kuko hali moja yenye inadanganya, na tunaiandika kwa ajili ya ba mama. Inawezekana kapita mwenyewe njo mugonjwa. Hapo T4 iko chini, na TSH haipandi. Inaweza kuonekana ya kawaida kabisa, kwa sababu ipofize haina tena ngufu ya kulalamika. Hali hiyo inaweza kumupata mwanamuke mwenye alimwaga damu nyingi sana wakati wa kuzaa: maziwa hayakuja, siku za mwezi hazikurudi, anabaki muzaifu mwaka na mwaka. Ukipima TSH peke yake utasema ni muzima. Mwenye hadithi ya vile, aielezee munganga mwanzo mupaka mwisho, asiache ile ya kuzaa eti ni zamani.

Mambo mengine yanavuruga namba pasipo tiroide kuwa mugonjwa. Mutu mwenye analazwa na malaria kali ao na tifoide, namba zake zinaweza kuyumba siku hizo. Kama hakuna sababu ya haraka, afazali kupima kisha amepona. Vitamini za nywele na kucha, zile za biotini zenye wanauza kila mahali, zinadanganya mashini za laboratwari nyingi: zinaweza kumuonyesha mutu muzima kama mwenye Basedow. Inafaa kuziacha siku mbili ao tatu mbele ya kutosha damu, na kumuambia mutu wa laboratwari. Dawa ya roho yenye kuitwa amiodaroni iko na iyodi nyingi sana ndani, inaweza kuangusha tiroide ao kuisukuma. Mwenye anaimeza anapashwa kupimwa TSH mara kwa mara. Na njaa? Watu wanatoka mu posti ya usiku, wanabaki pasipo kula mupaka saa ine, eti ni lazima. Kwa TSH peke yake hailazimu. Kama kuko sukari na mafuta mu egzameni ileile, hapo ndiyo, wataambiwa.

Kwa mwenye ameanza kidonge cha levotiroksini: kinamezwa asubuhi na maji, tumbo iko tupu, nusu saa ao saa moja mbele ya chai. Vidonge vya chuma, vile wanapatia ba mama wa mimba, na vya kalsiamu, vingoje saa ine. TSH inarudiwa kisha wiki sita ao nane, si mbele. Kapita anachelewa kuamini. T4 inapanda leo, yeye anaendelea kulalamika wiki na wiki. Tumeona mutu akilipa egzameni tatu mu mwezi mumoja, kila mara anakuta namba bado juu, mwishowe anatupa dawa akisema ni ya bongo. Dawa haikuwa ya bongo. Na mutu akisikia vizuri asiiache: anasikia vizuri kwa sababu ya ile dawa.

Juu ya mimba tunasimama kidogo. Mu miezi mitatu ya kwanza, mutoto mu tumbo hana tiroide yenye inatumika. Anaishi na ormoni ya mama, na ubongo wake unajengwa nayo. Ku mimba mipaka ya TSH inabadilika, inashuka, hivi namba yenye ni nzuri kwa mama mwingine inaweza kuwa mubaya kwa yeye. Na mama mwenye alikuwa anameza levotiroksini mbele ya mimba, mara nyingi anahitaji iongezwe, karibu robo ao hata nusu, tangu wiki za kwanza. Asingojee mwezi wa tano wa kuandikisha CPN. Siku anajua iko na mimba njo siku ya kwenda.

Ugonjwa huu unatoka wapi kwetu? Congo inajua goitre tangu zamani. Kisiwa cha Idjwi, mu ziwa Kivu, kilijulikana kwa waganga wa dunia nzima: mu miaka ya 1960 na 1970 waganga wa kwetu na wa Ubelgiji walipima watu kule, wakakuta goitre mu nyumba nyingi na watoto wenye walikomaa vibaya mwili na akili, kwa sababu iyodi haitoshi mu udongo wala mu chakula. Walionyesha pia kwamba muhogo muchungu wenye haukuloweshwa vizuri unazidisha shida, kwa kuwa sumu yake, mwili ukiibadilisha, inazuia iyodi kuingia mu tezi. Sisi wa Katanga tunachanganya muhogo mu bukari, tunajua. Uloweshwe siku zake zote, tatu ao ine, hata kama bei ya unga inatusukuma kuharakisha. Munyo ununuliwe wenye iyodi, ufunikwe, usikae karibu na moto. Na jambo hili lina upande wa pili: mu Kivu, kisha munyo wa iyodi kufika, mu miaka ya 1990, waganga waliona watu wenye goitre za zamani ambao tiroide yao iliwaka na kuanza kuzidisha. Hii haisemi munyo ni mubaya. Inasema mwenye goitre ya miaka mingi asianze kumeza matone ya iyodi ya sokoni pasipo kupimwa TSH. Goitre yenyewe inaweza kuwa kubwa na damu ikatoka kawaida, ao ndogo na damu imevurugika. Macho hayawezi kusoma namba.

Na kobalti? Tulijua mutauliza. Hapa tunataka kuwa waangalifu kuliko watu wenye wanapiga kelele ku redio. Kobalti nyingi mu mwili inaweza kuzuia tiroide kukamata iyodi. Hiyo haiko hadithi: mu miaka ya 1950, kule Marekani, waganga walikuwa wanapatia watoto wenye anemia dawa ya kobalti, na wamoja wakapata goitre, dawa ikiachwa, goitre ikapunguka. Mu mwaka wa 1993, uchunguzi wa wafanyakazi 82 wa izini moja ya kobalti kule Ubelgiji ulitangazwa: tiroide zao ziliguswa kidogo, kidogo tu, si ugonjwa mukubwa. Na kwetu, mu 2009, watu wa Universite ya Lubumbashi pamoja na wenzao wa Leuven walitangaza kwamba watu wenye kuishi karibu na mine na izini za Katanga wako na kobalti nyingi sana mu mukojo, kuliko watu wa inchi zingine.

Hatusemi kobalti njo ilileta ugonjwa wa yule kijana. Basedow inapatikana mu miji yenye haina mine hata moja, na kumwambia kijana kwamba kampani njo ilimupatia ni kumudanganya. Lakini kama vumbi ya idroksidi ya kobalti inaingia mu pua za wafanyakazi kila siku, na kama inajulikana tangu zamani kwamba kobalti inagusa tiroide, ni sababu gani ya kupima mapafu na masikio tu, na kuacha TSH? Damu wanaitosha tayari. Chupa iko pale. Kuongeza musitari mumoja ku karatasi hakuwezi kufunga mine.

Wenzetu wamoja mu sendika wanatuambia tunapoteza wakati. Wanasema watu wanakufa mu maporomoko, watu wanakohoa vumbi, mukataba wa kazi ni wa miezi mitatu mitatu, na ninyi munaleta maneno ya tezi. Tunawasikia. Maporomoko yanaua mbele ya tiroide, hatubishani. Lakini mufanyakazi mwenye tiroide imelala anasinzia ku mashini, na mwenye tiroide imezidi anatetemeka ku mashini. Huyo pia ni jambo la usalama. Na ugonjwa huu unapata wanawake zaidi kuliko wanaume. Nyumba yenye mama amelala chini miezi mitano, tunaijua sisi wote: watoto wanakosa masomo, deni ku duka, na baba anashuka mu shimo na kichwa kizito.

Kode ya Kazi, sheria ya tarehe 16 Oktoba 2002, imeweka juu ya muajiri muzigo wa kutunza afya ya mufanyakazi pamoja na jamaa yake. Haikuandika «afya ya mapafu». Kwa hiyo mambo yenye tutapeleka ku meza, wakati wa kuzungumza juu ya konvansyo, ni haya. Kila mutu mwenye ametoshwa damu na munganga wa kampani apewe kopi ya majibu yake, mu mukono wake, na mutu wa kumuelezea mu Kiswahili. Wenye kutumika na vumbi ya kobalti wapimwe TSH siku ya kuingia kazi, ili namba ya mwanzo ijulikane, na kisha warudiwe kwa wakati wenye waganga watapanga. Wenzetu wa sutretansi waingie mu mupango huohuo, maana vumbi haiulizi nani amesainisha mukataba. Na muke wa mufanyakazi akitumwa na munganga kupima TSH, mu mimba zaidi sana, asiambiwe kwamba egzameni ile «haiko mu liste».

Siri ilindwe pia. Patron anapashwa kujua tu kama mutu anafaa kwa kazi ao hafai. Namba ni za mwenye damu. Sisi sendika tunalomba hesabu ya jumla pasipo majina: ku atelye ile, wangapi walipimwa, wangapi walitoka inje ya mipaka. Pasipo ile hesabu, miaka kumi kutoka leo tutakuwa tungali tunabishana kuhusu kobalti na maneno matupu.

Kwa sasa, mwenye karatasi za damu za zamani ku nyumba asizitupe. Azipange kwa tarehe, ya zamani zaidi mbele, na aangalie jina la laboratwari na safu ya mipaka ku kila moja, kwa sababu T4 ya laboratwari moja inaweza kuandikwa pmol/L na ya ingine ng/dL, na namba hizo mbili hazifanani hata kama damu ni ileile. Kisha aende nazo zote kwa munganga, si ya mwisho peke yake. Ile mama wa TSH 48 alifanya vile: leo iko na karatasi ine mu bahasha moja, na ya mwisho imeandikwa 2,3.